Miaka Minne ya Kusomea Ubongo

Kaka Osmund,

Shikamoo. Goti la Mama linaendeleaje, na mahindi ya Matogoro mmeshapalilia? Mimi ni mzima. Huku Marekani theluji imefika usawa wa dirisha na nimeacha kuishangaa.

Asante kwa kuwapeleka Mama na mdogo wetu Asumpta parokiani kusubiri simu yangu. Uliniuliza mtu aliyekwisha kuwa daktari anasomea nini tena, laini ikakatika. Nakujibu sasa, ingawa miezi imepita.

Ubingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu una njia zaidi ya moja. Kwa wagonjwa watu wazima ni miaka minne: wa kwanza unatibu moyo, mapafu, figo, kisha mitatu ya ubongo. Hospitali nyingine zinakupa yote minne palepale. Nyingine zinakupa mitatu tu, ule wa kwanza ukautafute kwingine. Kwa watoto ni mitano, maana miwili ya mwanzo unatibu watoto wa kila ugonjwa.

Nilikuwa nimeamua watoto. Nilipoondoka, Asumpta alikuwa anaanguka kifafa darasani, darasa la tatu, na kichwani mwangu alibaki hapo. Nilipomweleza kwenye simu hiyo, ulimsikia mwenyewe:

"Dada, watoto? Na mimi nitatibiwa na nani? Wenzio wanakuja kunichumbia!"

Mama akadakia, "Mwache, huyo anadhani bado unanyonya."

Nikabadili maombi kabla hayajafungwa. Kwenye usaili daktari mkuu akauliza, "Mbona mwalimu wako, kwenye barua ya kukupendekeza, ameandika kwamba unataka kutibu watoto?"

"Mgonjwa wangu amekua," nikamjibu.

Wiki hii wamenikubali: miaka minne, yote hospitali moja. Asumpta amenipunguzia mwaka mzima wa kukaa mbali nanyi. Mshukuruni kwa niaba yangu.

Nisalimie shangazi wa Lizaboni na duka lake, na baba mdogo wa Mjimwema. Mkeo mwambie kitenge alichonitumia nakivaa juu ya sweta.

Jambo la mwisho. Hao wachumba waambiwe ukweli kabla ya mahari: binti ana kifafa, na kifafa hakiambukizi. Vidonge asiache hata asipoanguka. Akianguka, alazwe ubavu, asitiwe kijiko mdomoni. Hayo hayahitaji bingwa. Wewe umeyafanya miaka yote wengine walipokimbia, ndiyo maana nina mgonjwa wa kumrudia.

Mdogo wako,
Edeltruda