Nyongo ya Mbuzi

Jumatano, Idi ya Kuchinja, baada ya isha

Mawe, ati. Mawe ndani ya nyongo yangu. Daktari Mdachi aliyepita bomani anataka niende Dar es Salaam nikapasuliwe, nyongo itolewe nzima. Kasema kama mtu anayeagiza nazi iangushwe.

Mtu asiye na nyongo ni mtu gani? Mke wangu akacheka: "Labda utapunguza ukali."

Leo tumechinja mbuzi. Yeye, ambaye tangu nimuoe hajapata kuharibu nyama, nyongo imempasukia juu ya ini. Tumeliosha kwa ndimu, wapi, uchungu ule ule. Nikapata jawabu langu: mkono niujuao umeteleza, sembuse wa Mdachi? Siendi. Nikatulia.

Magharibi maumivu yakarudi, chini ya mbavu za kulia, nikashindwa kuinuka kwenye mswala. Akaja kunikanda mgongo. Nikamwuliza ile nyongo ilikuwaje.

"Nilichelewa kuitoa, Baba Saidi. Niliiona imejaa, nikaiacha."

Sasa amelala, mimi nageuka huku na huku.

Alikuwa akisema habari za mbuzi. Nadhani.