Benchi Tumezisogeza Ukutani

Baba,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini ulivyokuwa mkali kwa salamu, siwezi kuanza bila hiyo.

Nina habari ambayo nimeichelewesha kwa woga. Kwenye banda lako la video hapa Chanji sionyeshi tena sinema kila siku. Haya, nimesema. Sasa nisikilize kabla hujakunja uso.

Wiki ile ya mwisho ulinishika mkono ukaniambia, "Usiwaache vijana wangu." Mimi nikaelewa kwamba nisifunge banda, basi nikang'ang'ana. Karibu mwaka mzima nilifungua kila alasiri, nikaweka sinema, nikakaa mlangoni na sweta lako nikipigwa na upepo. Walikuja wanne, wakaja wawili, mwisho akabaki mzee mmoja aliyekuwa anakuja kusinzia. Vijana walipita nje na spika zao ndogo, muziki juu, hata shingo hawageuzi. Niliwachukia, Baba. Niliona kama wanacheza juu ya kaburi lako. Siku moja nikamvaa Deusi, yule fundi baiskeli ambaye enzi zako alikuwa hakosi, nikamwita msaliti mbele za watu. Nikarudi ndani nikalia, maana nilijiona nimekuangusha.

Ulezi ulipokomaa nikaenda Kasense kumsaidia shangazi kuvuna. Nani namkuta shambani? Deusi na wenzake, spika wameitundika kwenye mkokoteni wa ng'ombe, wanakata masuke huku wanaimba. Shangazi naye anatingisha mabega! Na mimi nilishatingisha yangu kabla sijakumbuka kwamba nimenuna.

Tulipokaa kunywa togwa nikamuuliza Deusi, safari hii kwa adabu, kwa nini siku hizi ni muziki tu.

"Dada, sinema inataka nikae niitazame," akasema. "Muziki tunakuja nao shambani. Halafu kwenye sinema stelingi ni mmoja, wengine tunakodoa macho tu. Wimbo ukipigwa, kila mtu anaimba." Akanywa kidogo. "Enzi za mzee hata sinema tulikuwa tunaiimba."

Baba, togwa ilinipalia. Nilikuona umesimama pale pembeni na maiki yako iliyofungwa kitambaa, unatafsiri. Kutafsiri gani! Ulikuwa unatunga. Mpiganaji kazungukwa na maadui kumi, anapiga kelele kwa Kichina, na wewe unasema, "Nipisheni, nawahi basi la Namanyere!" Na banda zima linamjibu, "Limeshaondoka!" Kila sinema, lazima basi la Namanyere, na lazima wajibu, mpaka benchi zinapiga kelele. Ulipoondoka nikawaonyesha sinema kavu, watu wanaongea lugha zao, hakuna wa kumjibu mwenzake. Nani angekaa?

Kwa hiyo hawakukukimbia. Huwezi kujua nilivyopumua siku ile, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni kichwani. Nikayarudia maneno yako polepole. Banda hukulitaja hata kidogo.

Nilimwomba Deusi radhi. "Yaishe, dada," akasema, na kesho yake akaja na bisibisi kukaza bawaba za ule mlango uliokuwa unalia. Benchi tumezisogeza ukutani. Alasiri sasa ni muziki. Vijana wa kwaya ya kigango wanafanya mazoezi Jumamosi, wa kufokafoka siku nyingine, na wanagombania maiki yako mpaka nawapigia kelele. Mama anasema nikipiga kelele nafanana na wewe. Nimefurahi, sitaki kukudanganya.

Sinema imebaki moja tu, Jumapili baada ya misa. Ya kwanza ilikuwa juzi. Nilishika maiki nitafsiri mwenyewe. Akatokea mpiganaji, maadui wakamzunguka, nikafungua mdomo: "Nipisheni, nawahi..." Sauti ikakatika. Nilikuona pale pembeni, Baba. Kisha Deusi akaitikia kutoka nyuma, na wote wakadakia:

"Limeshaondoka!"

Nilicheka huku machozi yananitoka, nikaendelea mpaka mwisho. Nilitafsiri vibaya mno.

Basi pumzika, Baba. Nitajifunza kutunga uongo kama wako. Na vijana wako sitawaacha, wakitaka sinema, wakitaka muziki, mlango wao uko wazi, na sasa hata haulii.

Mwanao,
Pendo