Kambi ya Mto Kellaway

Geeveston, Tasmania
Machi 9

Kwako dada yangu Averil,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile joto la Perth limepungua na unapata usingizi. Kifua cha shemeji kinaendeleaje? Mwambie namuulizia. Mimi nipo. Sina ugonjwa wa kuutaja, ila nimechoka, na si uchovu wa kuondoka kwa kulala.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningefurahi kukatizwa.

Nimerudi juzi kutoka Mto Kellaway. Ndiyo, kulekule. Watu wa hifadhi wanataka kujenga kambi ya watembea kwa miguu huko ndani, mwendo wa siku mbili kutoka barabarani, na waliomba watu wa kujitolea wawasaidie kuchagua mahali. Chama chetu cha watembeaji kilitoa wanne, nami nikajiandikisha. Nilijiambia kwamba miaka thelathini na minane inamtosha mtu kurudi mahali.

Walikuwepo mume na mke, walimu wote wawili, wapole, na Nerida, muuguzi mstaafu mwenye goti bovu na mdomo mzima. Aliyetuongoza ni afisa wa hifadhi aitwaye Marnie, binti wa miaka thelathini hivi. Njia ni ileile unayoikumbuka, matope mpaka magotini na ruba kwenye soksi. Siku ya pili nilibaki nyuma sana. Nerida akanisubiri akiwa ameketi juu ya mzigo wake, akaniambia, "Leith, ukianguka sikubebi. Nimebeba wanaume miaka arobaini, sasa nimestaafu." Nilicheka, lakini miguu ilikuwa mizito kwa sababu nyingine.

Kazi yenyewe si ngumu. Unapima ardhi, unaangalia mahema mangapi yataenea, choo kikae wapi kisichafue maji, watu wachote wapi. Tulizunguka siku nzima na kamba na vigingi, mvua ikinyesha na kuacha. Jioni wote walikubaliana juu ya lile tambarare lililo juu kidogo ya mto, lenye nyasi fupi. Mahali pazuri, Averil. Pamenyooka, maji yapo karibu, na mlima unauona wote. Wale walimu walishaanza kubishana hema la kwanza litazame wapi.

Mimi nilisema nina wasiwasi na mafuriko. Marnie akafungua faili lake kwa upole, kama mtu anayemtuliza mzee, akaniambia jambo hilo wamelichunguza. Kumbukumbu zinaonyesha aliyewahi kufa maji hapo ni mmoja tu, kijana wa miaka kumi na tisa, na yeye alipiga hema chini kabisa, mchangani, baada ya kukatazwa na mwenzake. Tambarare lenyewe lilibaki kavu. Nerida akatikisa kichwa akasema, "Vijana. Unawaambia, hawasikii." Hakujua anamsema nani. Jina langu halikuwemo kwenye lile faili, wala la mdogo wetu Corin.

Niliondoka nikaenda kukaa peke yangu kwenye mawe. Nilijua kumbukumbu hizo zimetoka wapi. Zimetoka kinywani mwangu, pale kituo cha polisi.

Sasa nakuandikia nilichopaswa kukwambia tukiwa vijana. Hema letu halikuwa mchangani. Lilikuwa kwenye lile tambarare, na aliyelipiga hapo ni mimi. Corin alikuwa ameteguka kifundo cha mguu. Aliutazama ule mto akaniambia, "Twende juu kwenye miti, Leith. Nitajikokota tu." Nikamjibu kwamba nimechoka, tutahamia kesho. Kesho yake mchana, mvua ikiwa kubwa, nikamwacha amelala nikaenda kutafuta mahali pa kuvukia. Niliporudi, maji yalikuwa kiunoni pale tulipokuwa tumelala.

Polisi aliponiuliza, nilisema alikaidi. Nilisema mara moja tu, kwa woga, na baada ya hapo kila mtu akanisaidia kulirudia neno hilo. Mama alikufa akimlaumu Corin kwa ubishi wake. Wewe uliapa hutamsamehe kwa kumvunja Mama moyo, na mimi nilikaa mezani kwako nikala chakula chako nikanyamaza.

Asubuhi yake niliwaambia wote, tukinywa chai, kabla vigingi vya mwisho havijapigwa. Hakuna aliyenigombeza. Wale walimu walitazama vikombe vyao. Marnie aliniuliza maji yalifika wapi hasa, nikaenda nikamwonyesha kwa mkono wangu kwenye shina la mti. Akaniomba niyaandike yote na kuweka sahihi, nami nikaandika. Nerida alianza kung'oa vigingi kimoja kimoja, goti lake likimsumbua, na nilipotaka kumsaidia akaniambia, "Kaa kwanza." Kambi itakuwa juu kwenye miti. Watu watalalamika kwamba maji ni mbali.

Polisi nao nimewapelekea nakala. Watafanya watakavyoona.

Sikuombi msamaha katika barua hii, maana najua ni kumtwika mzigo mtu asiyekuwepo mbele yangu. Nataka tu ujue kwamba mdogo wetu hakuwa mbishi, Averil. Yeye ndiye aliyesema twende juu.

Wasalimie wanao wote, na shemeji, na jirani yako yule wa kuku. Ukitaka kupiga simu, nipo nyumbani. Ukitaka kunyamaza kwa muda, pia nitakuwa nipo.

Ni mimi ndugu yako,
Leith