Tiki Niliyoiweka Kwenye Swali la Tisa

Jumatano, katikati ya Oktoba. Jua la leo lilikuwa la kukaanga vichwa. Mchana mawingu yalikuja kutoka upande wa Ntalikwa, yakatanda, yakatutisha, kisha yakaenda zao bila kudondosha hata tone. Nimefungua madirisha yote ya nyumba hapa Ipuli na bado naona kama sina hewa.

Nimekaa na hili jambo siku kumi na tisa. Leo limetoka. Nilidhani likishatoka nitapata nafuu.

Sijapata.

Nieleze tangu mwanzo, maana hata mimi mwenyewe nahitaji kulisikia kwa utaratibu. Mimi ni wakala wa bima. Zamani niliuza vitenge, mtaji ulipokata nikasomea uwakala, sasa nauza bima ya moto na wizi kwa wenye maduka, karakana na nyumba. Si kazi nyepesi mjini kwetu. Ukimwambia mtu "ikitokea duka likaungua," anakurudishia, "Dada, usinitabirie mabaya." Ajali ni ya jirani. Sisi wengine tunasema inshallah na kuendelea na maisha.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mjomba Masudi, mdogo wake mama. Ni seremala, karakana yake iko Ng'ambo, na vitanda vyake vya mninga vimewazaa nusu ya watoto wa mtaa ule. Baba alipofariki nikiwa darasa la tano, mjomba ndiye aliyetuchukua mimi na mama. Sare zangu zote za shule zilitoka kwenye randa yake.

Hakuitaka bima. Alisema mtu anayemtegemea Mungu hamdai dhamana. Nikamwambia hata yeye karakana yake anaifunga kwa kufuli, na kufuli halijamkufurisha. Akacheka sana. Mwisho akakubali, ila najua hakushindwa na hoja yangu. Nilikuwa nimezunguka mwezi mzima juani bila kupata mteja hata mmoja, na yeye alinionea huruma.

Fomu tuliijaza juu ya benchi lake la kazi. Yaani niliijaza mimi. Yeye alikuwa anapiga randa ubao wa mlango, akasema, "Jaza tu, mwanangu. Unanijua kuliko karatasi."

Swali la tisa liliuliza kama ndani ya jengo kunahifadhiwa vitu vinavyoshika moto haraka, mfano petroli, gesi au thina. Niliinua macho. Nyuma ya mjomba, kwenye rafu, kulikuwa na madebe matatu ya thina yamepangwa kama vikombe vya kabatini.

Ukijibu "Ndiyo", kampuni haikati bima mpaka mkaguzi aje, na mkaguzi anatoka Mwanza. Angeweza kuchukua wiki tatu. Mimi nilitaka jina langu lionekane kwenye orodha ya mawakala kabla mwezi haujafungwa.

Nikaweka tiki kwenye "Hapana". Sikumsomea swali. Alifuta mikono kwenye suruali, akaweka sahihi pale nilipomwonyesha.

Nilijiambia kila seremala ana thina. Nilijiambia ni karatasi tu.

Moto ulishika Ijumaa, siku kumi na tisa zilizopita, wanaume wakiwa msikitini. Waya wa mashine ya kupasulia mbao ulikuwa umechakaa, na waliouona kwanza wanasema mwanzoni ulikuwa moshi mdogo tu kwenye kona, kitu ambacho mtu mwenye mtungi wa kuzimia moto angekimaliza. Halafu ukaifikia ile rafu. Mjomba alipotoka msikitini alikuta paa limeshaanguka. Hakuna aliyeumia, tunamshukuru Mungu. Lakini mashine zote, mbao za miaka miwili alizokuwa anazikausha, na seti nzima ya samani za chumba cha maharusi iliyokuwa inangoja kuchukuliwa, vyote vimekuwa majivu.

Watu walimpa pole huku wakisema, "Afadhali wewe una bima." Mjomba aliwajibu wote kwa namna moja. Alininyooshea kidole. "Huyu mwanangu ndiye aliyenikomalia."

Mimi nilisimama pale nimeshika ndoo tupu.

Kuna kitu nimekielewa katika hizi siku kumi na tisa, na kinaniuma kuliko vyote. Nilikuwa nikilichukulia swali la tisa kama kizingiti cha kuwachosha mawakala. Kumbe mkaguzi angekuja, angemwambia mjomba anunue mtungi wa kuzimia moto, abadilishe ule waya, na thina aijengee kibanda nje. Angemwambia hivyo kabla hajalipa hata shilingi. Swali lile ndilo lilikuwa ulinzi wenyewe. Fidia ni ya baadaye, ya walioshindwa kujikinga. Mimi niliiuza fidia na kuutupa ulinzi.

Mume wangu ni dereva wa malori, yuko njia ya Kigoma. Nilimweleza kwa simu. Akasema, "Nyamaza. Kampuni ina pesa, mjomba hana." Niliona ana akili. Nikazidi kunyamaza.

Jana ndiyo nilifanya kosa la pili. Nilipata ujumbe kwamba mkadiriaji wa hasara anakuja leo asubuhi. Nikaenda kwa mjomba kabla ya magharibi, nikamkuta kibarazani anachambua misumari aliyoiokota kwenye majivu, anainyoosha mmoja mmoja kwa nyundo.

Nikamwambia, "Mjomba, kesho wakikuuliza kama ndani kulikuwa na thina, sema haikuwepo."

Aliacha nyundo. "Kwa nini? Si ilikuwepo?"

"Ndivyo fomu inavyotaka."

Ningeweza kumwambia pale pale. Tulikuwa wawili tu. Angeniuliza swali moja zaidi ningemwambia, naapa. Lakini hakuuliza.

"Kama wewe unasema ndivyo, basi ndivyo," akasema, akachukua msumari mwingine.

Mtu ambaye hajawahi kumdanganya mteja hata kuhusu aina ya mbao. Nilirudi nyumbani kwa miguu, bodaboda wananiita njia nzima, siwasikii.

Leo asubuhi. Mkadiriaji ni dada mmoja kijana, Eliza, amevaa buti na kofia, ana adabu. Alimpa mjomba shikamoo, akampa pole ndefu, ya mtu aliyelelewa vizuri. Alipiga picha, akapima kuta kwa futi, akauliza umeme ulifungwa na nani. Majirani walikuwa wamejaa kwenye kibaraza cha duka la mbele. Kisha akafungua faili, na nikaona karatasi yangu, mwandiko wangu.

"Mzee, ndani ya karakana ulikuwa unahifadhi thina au petroli?"

Mjomba alikohoa. Aliangalia chini.

"Haikuwepo."

Eliza aliandika. Halafu akachukua kipande cha nondo, akaenda mpaka pale ilipokuwa rafu, akachokonoa majivu. Wala hakutafuta sana. Akatoa debe lililokunjamana, upande mmoja maandishi bado yanasomeka.

"Na hili, mzee?"

Hakumfokea, na ingekuwa afadhali angemfokea. Mjomba aligeuka akaniangalia. Macho yake hayakunishtaki. Aliniangalia kama mwanafunzi aliyesahau jibu alilofundishwa, anayemwomba mwalimu amsaidie. Mzee wa miaka sitini na nane, mbele ya majirani zake.

Nikasema. Sijui sauti ilitoka wapi. Nilisema thina ilikuwepo, madebe matatu, niliyaona siku najaza fomu, tiki niliiweka mimi, mjomba hakusomewa swali, na jana nilimfuata nikamfundisha cha kusema.

Dukani mtu alizima redio.

"Mama, unaelewa unachokisema?" Eliza akaniuliza.

"Naelewa."

"Basi kiandike mwenyewe, kwa mkono wako."

Nikakiandika juu ya boneti ya gari la kampuni, boneti inachoma, kalamu inateleza kwa jasho. Nilipomaliza nilimuuliza kama mjomba atalipwa. Nilitegemea angalau hilo. Nilijua nimejimaliza mimi, nilidhani nimemfungulia yeye mlango.

Eliza alikunja karatasi niliyoiandika. Alisema faili linakwenda makao makuu na yeye haahidi kitu. Alisema kosa la wakala linaangaliwa tofauti na kosa la mteja, na kama lingekuwa la fomu peke yake mzee angekuwa na nafasi nzuri. "Lakini leo ameulizwa na mimi mwenyewe, akasema haikuwepo. Hilo nimeshaliandika, na siwezi kulifuta."

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Tiki yangu pengine ingesameheka. Kinachomfunga mjomba ni uongo wa jana, niliomlisha kwa kijiko nikidhani namwokoa.

Gari lilipoondoka nilimsogelea. Nilitaka kupiga magoti. Alinizuia kwa mkono, akasema taratibu ili majirani wasisikie:

"Karakana imeungua, nimekubali. Lakini umenifanya niseme uongo nimesimama juu ya majivu yangu mwenyewe."

Akaenda zake nyumbani. Hakuniita mwanangu.

Saa nane mchana tawi la kampuni lilinipigia. Nimesimamishwa. Nirudishe muhuri, kitabu cha risiti na kitambulisho. Nilisema sawa, sawa, sawa, kama mtu anayeagizwa sokoni. Baada ya hapo nilikaa kitini nikatazama ukuta. Nikitoka nje, majirani wanajua. Nikienda kwa mama, mjomba ni mdogo wake. Nikienda kwa mume wangu, yuko barabarani na atasema, "Nilikuambia." Sijawahi kuona mji huu ukiwa mdogo kiasi hiki.

Nilipanga leo niandike mpaka hapo, nifunge, nilale.

Lakini baada ya swala ya alasiri kulikuwa na hodi mlangoni. Mjomba Masudi. Ametoka Ng'ambo mpaka hapa Ipuli kwa baiskeli, jua lote lile, shati limemganda mgongoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikampa kiti, hakukaa. Nikaleta maji, akanywa akiwa amesimama mlangoni.

"Nimekuja kukuuliza jambo moja, halafu nakwenda," akasema. "Wale wengine uliowaandikia. Nao ulijaza vile vile?"



Katika siku zote kumi na tisa nilikuwa nikimfikiria yeye, na mimi, na yeye, na mimi. Sikuwahi kufikiria kwamba baada ya ile tiki ya kwanza mkono ulishazoea.

"Baadhi yao, ndiyo," nikasema.

"Wanajua?"

"Hawajui."

Alitikisa kichwa polepole, akaniwekea glasi mkononi. "Mimi nimeshaungua. Wao bado."

Akapanda baiskeli yake. Hakusema amenisamehe. Sikumuuliza, na naona sina haki ya kumuuliza kwa sasa.

Nimetoa nakala za fomu zao, nimezitandaza kitandani. Saba. Watu saba wanalala usingizi wakiamini wamekingwa. Kuna mama mwenye kibanda cha kuuza mitungi ya gesi hapa hapa mtaa wa pili. Nakumbuka siku ile alikuwa na wateja wengi, nikamwambia usijali, nitamalizia mimi. Kuna mzee wa Ntalikwa ambaye chumba cha nyuma ya duka lake amejaza petroli ya kupima kwa chupa, na wajukuu wanalala chumba cha pembeni. Kuna mjane mmoja wa kanisa la Moraviani anayeoka mikate kwa kuni ndani ya jengo moja na nyumba yake. Huyo alinipa mikate miwili ya kupeleka nyumbani, akinishukuru.

Kibali cha kuwauzia sina tena. Hakuna anayenilipa kuwaendea. Watakaponisikia watasema nilikula pesa yao, na wengine hawatanisalimia tena mpaka tunakufa. Mji ni mdogo, nimeshasema. Nikikaa kimya nitabaki na salamu zao, na kila nitakaposikia watu wanakimbia na ndoo nitauliza ni kwa nani.

Jua ndiyo linazama. Nimeweka ya mama wa gesi juu, kwa sababu yuko karibu na kwa sababu namwogopa kuliko wote. Hufungua saa moja asubuhi. Nitakuwa pale kabla hajatoa mtungi wa kwanza nje, nitamwomba anipe dakika kumi, na safari hii nitamsomea maswali yote, moja baada ya jingine, ayajibu yeye mwenyewe, kisha aniambie lolote analotaka kuhusu mimi.