Mmea Uliopewa Jina la Mama Mkwe

Shoga, acha unachofanya usome. Bosi wetu wa maabara kaupa mmea mpya aliougundua jina la mama mkwe wake, yule anayekaa nyumbani kwake tangu mwaka jana. Eti kumuaga kwa heshima, maana Jumapili anarudi kwake.

Kamwalika maabara, kamketisha mbele, akasoma maelezo kwa sauti: "Huishi juu ya mti mwingine na kuunyonya. Ua lake hunuka mzoga. Vinasaba vinaonyesha hauna ndugu wa karibu."

Kuunyonya, shoga. Mama yupo pale pale. Na kwa bosi hizo ni sifa, anatabasamu.

Mama akauliza kwa upole: "Mwanangu, na unang'olewaje huo?"

"Haung'oki, mama. Ukiukata unachipua upya."

"Basi mwambie mkeo asinikatie tiketi ya Jumapili."