Fishi ya Mama Constance

Bukavu, Jumapili tarehe 14 Machi 1976

Mpendwa Tantine Séraphine,

Leo nimeapa kwamba nitakuambia yote, hata yale ambayo Papa amesema nisikusumbue nayo. Lakini kwanza nikusalimu kama inavyopaswa.

Hamjambo huko Lubumbashi? Mgongo wa Tonton Évariste umepata nafuu? Na Adèle, bado anawauma wenzake kwa yale meno yake mawili? Sisi hapa tuna afya. Maman alishikwa na malaria mwanzoni mwa mwezi, sasa amepona na amerudi sokoni. Mvua imebomoa tena njia yetu ya kushuka kutoka Kadutu, kwa hiyo tunazunguka mbali na kufika mjini na matope mpaka magotini.

Sasa nikueleze kwa nini mwandiko wangu ni mbaya leo. Nimekasirika, Tantine. Hii ni siku ya tisa, na sikujua kwamba mtu anaweza kulala na hasira na kuamka nayo ikiwa vilevile.

Unajua kwamba huu ni mwaka wangu wa mwisho katika masomo ya usimamizi wa hospitali. Tangu Januari ninafanya stage, mazoezi ya kazi, katika hospitali ileile uliyofanya kazi kabla hamjahama, tena katika ofisi ileile ya fishi, zile kadi za matibabu za wagonjwa. Niliposikia nimepangwa hapo nilifurahi sana. Mwalimu wetu alikuwa ametuonya tangu siku ya kwanza: kwenye fishi usiandike neno ambalo hukulithibitisha mwenyewe. Niliona ni jambo rahisi.

Mkuu wa ofisi ni Stanislas, ambaye mlifanya kazi pamoja. Mlangoni ameandikwa citoyen Mushagalusa, yaani mwananchi, kama serikali inavyoamuru tangu ikataze majina ya ubatizo, lakini parokiani kwetu kila mtu anamwita Stanislas kama zamani.

Ijumaa ya tarehe 5 alikuja mama mmoja kutoka Luberizi, mlimaji wa mpunga, mwenye kidonda kibaya mguuni. Nilimwuliza jina.

“Constance. Munitafute kwa Constance. Nililala hapa mwaka wa soixante-neuf, fishi yangu iko.”

Stanislas alimjibu kabla yangu. “Hapa hakuna Constance, mama. Majina ya Wazungu ilikwisha. Leta jina ya kwa karte.”

Mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi akasema polepole, “Stanislas, mama yako anajua kama jina yako ilikwisha?”

Watu wote walicheka. Mimi pia nilicheka, na nafikiri hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana yule bwana anavumilia yote isipokuwa kuchekwa.

Yule mama alitoa karte yake ya kitambulisho, imeandikwa Nabintu. Kwa jina hilo hatukuwa na kitu, si cha 1969 wala cha mwaka mwingine. Akasema, “Kuna sindano moja ilitaka kuniua ile mwaka. Jina yake siijue. Muganga aliiandika kwa fishi yangu na wino nyekundu.”

Nyuma ya kiti cha Stanislas kuna kabati la mbao ambalo halifunguliwi kamwe. Nilimwomba ufunguo.

“Musomi, ulikuja hapa kujifunza ao kuniamrisha? Andika fishi mupya.”

Niliandika. Nilipofika kwenye mstari wa dawa ambazo mwili wa mgonjwa hauzikubali, kalamu ilisimama. Stanislas akasema, “Andika néant.” Yaani hakuna. Nikaandika néant.

Muuguzi alisoma neno hilo na kumpiga sindano ya penisilini. Mama Constance hakufika mlangoni. Alianguka kwenye korido, uso umevimba mpaka macho hayaonekani, anavuta pumzi kama mtu anayezama. Bahati daktari alikuwa chumba cha pili. Walimrudishia uhai kwa shida, na mpaka leo bado amelazwa.

Tantine, sikufichi: mkono ulioandika ni wangu. Nilijua si kweli, nikaandika kwa sababu mkubwa amesema. Kwa hilo najikasirikia kuliko ninavyomkasirikia mtu yeyote, na kama baraza la shule litaniadhibu kwa hilo, sitalia.

Lakini hilo silo ninaloshtakiwa. Jumatatu nilipewa demande d'explication, barua ya kunitaka nijieleze, nijibu katika saa arobaini na nane. Stanislas amesema katika ripoti yake kwamba yule mama hakutaja sindano yoyote, kwamba mimi niliandika bila kumwuliza, na kwamba sikuomba ufunguo wowote. Amesema tena kwamba fishi za zamani zilichomwa zote mwaka wa 1972, majina yalipobadilishwa, na kwamba kabati lina hesabu za kale za farmasi.

Nilimwomba mkurugenzi wa hospitali aje afungue kabati. Ni hatua kumi na mbili kutoka mezani kwake, nimezihesabu. Hakuinuka kitini. Aliniambia, “Mademoiselle, nakuona unapenda sana kabati.” Nilipomwambia kwamba Mama Constance mwenyewe alisikia nikiomba ufunguo, akasema mgonjwa aliyekuwa na homa hawezi kuwa shahidi. Je, homa inaziba masikio?

Kila jioni nampelekea mama huyo uji. Mara ya kwanza nilishindwa kumwangalia. Alinishika kidole akasema, “Usilie, mutoto. Uliuliza ufunguo, nilisikia.” Kisha akaniuliza kama fishi yake imepatikana. Ananiuliza kila siku. Anaogopa kwamba akirudi tena baada ya miaka, watamchoma sindano ileile.

Na hilo ndilo linalonichoma hata mimi. Ni wangapi wengine wamo ndani ya kabati lile kwa majina yao ya ubatizo, na leo wanakuja na jina la karte na kuanzishwa upya kama watu waliozaliwa jana? Nimeandika mpango wa kurasa nne wa kumpa kila mgonjwa namba moja atakayobaki nayo, hata abadilishe jina mara saba. Siku moja nitaongoza ofisi kama hiyo, na haitakuwa na kabati lisilofunguliwa.

Baraza la shule litakaa Ijumaa tarehe 26. Wakiamini ripoti, sitapewa cheti cha stage, na bila cheti hakuna diploma.

Sasa nisikilize. Sikukuu ya mwaka mpya, ulipokuja, ulitusimulia jikoni jinsi mlivyofanya kazi wiki tatu mwaka wa 1972, mkiandika kwenye kaye, lile daftari kubwa, jina la zamani upande huu na jina jipya upande ule. Ulisema kaye hiyo mliifungia pamoja na fishi za zamani ndani ya kabati la mbao, na kwamba Stanislas ndiye aliyekusomea majina. Nilimkumbusha. Alisema hakuna kaye, haikuwahi kuwepo.

Papa ananiambia nikuache, kwamba mumeo Tonton Évariste ana cheo katika kazi ya serikali na barua yenye jina lako inaweza kufika mahali pabaya. Namheshimu Papa. Lakini amenyamaza yeye, amenyamaza muuguzi, amenyamaza mwalimu wangu aliyetufundisha kusema kweli, na nimechoka kuwaelewa watu wote.

Jirani yetu Grégoire anapanda ndege kesho na barua hii. Atarudi Jumatano tarehe 24, na amekubali kubeba jibu lako.

Nisalimie Tonton kwa heshima, umbusu Adèle, na umwambie Pascal kwamba daftari lake la michoro limefika na Maman analionyesha kwa wateja. Bibi yetu Koko Emérence anawaombea rozari kila jioni, nanyi nyote mmo humo. Mungu awalinde mlale na kuamka salama.

Siombi fedha, wala sikuombi umseme mtu vibaya. Nakuuliza jambo moja tu, Tantine: utaandika, na kutia sahihi kwa jina lako, kwamba kaye ile mliiandika na kwamba uliiacha ndani ya kabati?

Mtoto wako anayekupenda hata katika hasira hii,

Eulalie