Darasa la Klementi

Jumapili ya tatu ya Kwaresima, 1970

Wamekuja vijana wote kumi na wawili kunitazama hapa kitandani, na Klementi, mwalimu wao, mbele yao. Nilitamani wasije, maana mimi ndiye niliyemwambia Padri amwondoe katika darasa la kipaimara. Nilisema anawafundisha vijana kuitilia shaka imani. Padri hajaamua bado.

Darasa hilo nililishika miaka thelathini. Niliamini kijana lazima akariri majibu yote kwanza. Maswali atauliza akishakua. Klementi anaamini kijana akinyimwa swali, hata imani yake si yake. Huwakalisha mkekani, naye akakaa chini pamoja nao. Wangu walikaa wima kwenye mabenchi, wakiitazama fimbo.

Leo Rehema, binti wa fundi viatu, kakaa kitandani kwangu bila kuambiwa.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba."

"Babu, unaogopa kufa?"

Klementi hakumkemea. Alisubiri jibu kama wao.

"Naam, naogopa," nikasema. Sijapata kumwambia mtu.

"Hata Mwalimu Klementi anaogopa. Katwambia mwenyewe."

Wakacheka, naye akacheka. Roho ikaniuma kuliko kifua. Miaka yote ile hakuna mtoto aliyecheka nami hivyo.

Sikuwa nikiitetea imani mbele ya Padri. Ulikuwa wivu, na bado ninao hata ninapoandika. Kesho akiniletea Komunyo nitamwambia, kabla sijafungua mdomo kupokea.

Lakini kumwomba radhi Klementi mwenyewe, uso kwa uso, hilo bado...